Mwalimu Aliyetia Rangi Chooni

Fundi wetu wa sayansi amefariki huko kisiwani Nosy Be wiki iliyopita, na binti yake alinipigia simu kunipa habari kabla hawajamzika. Niliitikia kama inavyompasa Mwislamu, nikaweka simu chini, na kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa wema wake, ingawa wema alikuwa nao kuliko mtu yeyote aliyewahi kunisomesha. Kilichonijia ni asubuhi ile ya Mahabibo, mjini Mahajanga, amesimama kando ya kisima cha shule na kikombe cha bati mkononi. Kushoto kwake mwalimu mkuu, kulia kwake mkaguzi wa shule, na mbele yake sisi wanafunzi tumepangwa mistari, wadogo mbele. Alikunywa kikombe kizima, akajipangusa mdomo, akasema kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali: "Maji ni safi. Kisima kimetakaswa. Mnaweza kunywa." Mdogo wangu alikuwa mstari wa mbele. Akanyoosha mkono, akauliza swali ambalo Fundi mwenyewe alitufundisha tumuulize kila mtu anayetuambia jambo: "Fundi, umejuaje?" Mkaguzi alitabasamu, kwa kuwa hakuelewa. Mwalimu mkuu hakutabasamu. Fundi alimtazama yule mtoto, kisha akatazama chini, kisha akachota kikombe kingine akampa. "Kunywa, mwanangu," akasema. Akanywa. Nikanywa na mimi nyuma yake. Baada ya wiki tatu tulimzika mdogo wangu, na mimi nilikuwa mgonjwa mno hata sikupelekwa kumuaga.

Nimeanza na hilo ili msinidhanie kwamba leo nimekuja kumpamba maiti. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kwamba mimi niliishia darasa la nne, na kwamba nilizaliwa Mahajanga katika ukoo wa Kingazija kabla maisha hayajanitupa huku Unguja. Sijawahi kuwaeleza kwa nini niliishia darasa la nne. Mhariri ameniomba nisitaje majina ya watu, na nimekubali. Vyeo hakunikataza, basi nitawataja kwa vyeo vyao, na wenyewe watajijua. Na huyu marehemu nitamwita Fundi, kwa sababu ndivyo tulivyomwita. Kwetu Wangazija fundi ni mwalimu, hasa yule wa chuoni anayekusomesha msahafu. Walimu wa shule hatukuwaita hivyo. Walimu wa shule walikuwa watu wa Kifaransa na kiboko. Huyu alipewa jina hilo na watoto wenyewe, mwaka wake wa kwanza tu, na wazazi wakalifuata.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikwisha kubadilishwa, lakini vitabu vyetu vilikuwa bado havijapata habari. Kitabu cha sayansi kilitoka Ufaransa, na somo la kwanza lilikuwa theluji. Mtoto mwenye kofia ya sufu amesimama dirishani anatazama theluji ikiyeyuka, na chini yake maswali: theluji ina rangi gani, inapoyeyuka inakuwa nini. Walimu waliotangulia walitukaririsha majibu kwa Kifaransa, nasi tukayakariri, darasa zima tumelowa jasho. Fundi alikisoma kile kitabu kimyakimya, akakifunga, akatuuliza nani kati yetu amewahi kuiona theluji. Hakuna. "Na mimi sijaiona," akasema. "Basi tusiiseme vibaya wala vizuri." Siku ya pili alikuja na bonge la barafu alilolipata bandarini kwa watu wa samaki, amelifunga kwa gunia. Lilinuka changu darasa zima. Akaligawa, kila benchi kipande, tukaambiwa tukishike mpaka tushindwe, halafu tuseme tulichokiona. Tusiseme tunachojua, alisisitiza, tuseme tulichokiona. Darasa lilikuwa na lugha tatu, Kifaransa cha kitabuni, Kimalagasi cha mtaani na Kingazija cha nyumbani, na yeye aliziruhusu zote tatu, kwani alisema barafu haijali unaiitaje.

Kipande kilichobaki alikitia ndani ya kopo la maziwa, akaliweka juu ya meza. Baada ya muda kopo likaanza kutoka jasho kwa nje, matone yakachuruzika mezani. Akauliza maji yale yametoka wapi. Mtoto wa muuza nyama, aliyejiona mjuzi wa kila kitu, akajibu bila kuinua mkono.

"Kopo linavuja."

"Umejuaje?"

"Si naona maji nje, Fundi?"

"Unaona maji. Kuvuja hujakuona."

Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote na mdomo wake mkubwa kuliko wote, akasema: "Tutie rangi ndani. Likiwa linavuja, litatoka na rangi." Fundi aliweka chaki chini. Nakumbuka hivyo hasa, aliweka chaki chini kama mtu aliyeambiwa habari ya kwao. "Na rangi tutaipata wapi?" akauliza. Sisi tulikuwa nayo nyumbani, kwani mama alikuwa akisuka mikeka ya kuuza, na alikuwa na mkebe wa rangi ya unga ya kutilia ukindu, nyekundu ile tunayoiita damu ya mzee. "Mama yenu atanichapa," akasema Fundi. "Atatuchapa sisi," mdogo wangu akamjibu. "Wewe atakupa chai." Darasa lilicheka mpaka mwalimu mkuu akachungulia dirishani.

Kesho yake tulitia rangi ndani ya kopo pamoja na barafu. Ndani kulikuwa kwekundu kama kidonda, na nje matone yalitoka meupe, safi kabisa. Mtoto wa muuza nyama aliyaonja, akashuka hadhi mbele ya macho yetu. "Basi yametoka wapi?" tukauliza sisi, na Fundi hakutuambia. Alituacha nalo siku mbili nzima! Jibu lililetwa na msichana mmoja aliyekuwa akipika wali kwao, akafunua mfuniko wa chungu, akakuta mvuke umegeuka matone chini yake. Nimefika umri huu, nimesikia mihadhara ya watu wenye shahada, na sijawahi tena kuona watoto arobaini wakigombania jambo la maji ya mfuniko kama waliosikia goli. Hiyo ndiyo sayansi niliyoipata, na wallahi ingenitosha.

Sasa niwaeleze habari ya choo. Katika miaka ile kila mkubwa alitaka kujenga kitu kitakachoonyesha kwamba zama zimegeuka, na mwalimu mkuu wetu alijenga choo. Msicheke. Kabla yake tulikuwa tukienda nyuma ya ukuta. Choo chenyewe kilikuwa cha mawe, milango miwili, mmoja wa wasichana na mmoja wa wavulana, na milango imepigwa rangi za bendera. Kilichimbwa karibu na kisima, na hapo ndipo penye jambo, kwa maana karibu ile haikuwa ya uzembe. Ilikuwa ya makusudi na ya heshima. Shule ilikuwa ya watoto wa Kiislamu, na Mwislamu haingii chooni bila maji ya kujitwahirisha. Mwalimu mkuu alitaka mtoto asibebe ndoo masafa, achote hapa aingie pale. Wazazi walimwombea dua kwa jambo hilo. Mama yangu alisema, sasa tumepata mkubwa anayeijua twahara. Kisima kilikuwa cha shule na cha msikiti mdogo uliopakana nasi. Sisi tulikunywa, wao walitawadha. Kutoka mlango wa choo mpaka ukingo wa kisima zilikuwa hatua kumi na nne za mtoto. Tulizipima wenyewe.

Baada ya mvua za kwanza watoto walianza kukosa shule. Leo watatu, kesho sita, matumbo. Fundi aliandika katika kitabu cha mahudhurio nani hayupo, halafu pembeni, kwa penseli, akaandika mtoto anakunywa maji ya wapi. Waliokuwa wakirudi kwao kula mchana, wakinywa maji ya bomba la barabarani, walikuwa wazima. Waliobaki shuleni ndio waliokuwa wakishika matumbo. Alituonyesha ile orodha, akatuuliza tunaona nini. Mdogo wangu akauliza: "Fundi, na choo je? Hakivuji?"

"Huyu naye na mavi yake!" akasema mtoto wa muuza nyama, na darasa likaangua kicheko.

"Mwacheni," akasema Fundi. "Ameuliza swali." Kisha akasimama dirishani muda mrefu akitazama ile milango ya rangi za bendera.

Rangi niliileta mimi. Nusu ya mkebe wa mama, nimeifunga ndani ya kanga. Fundi aliimimina chooni mwenyewe baada ya watoto wote kutoka, na akatupa kazi: kila asubuhi mmoja wetu achote maji ya kisima, ayamimine katika sahani nyeupe, aandike daftarini rangi aliyoiona. Siku ya kwanza, hakuna rangi. Siku ya pili, hakuna. Siku ya tatu mvua ilinyesha mchana kutwa. Siku ya nne ilikuwa zamu ya mdogo wangu, na sahani ilikuwa na wekundu mwepesi, kama maji yaliyooshewa nyama. Alikimbia nayo darasani akiimwaga njiani, akipiga kelele, "Kinavuja! Kinavuja!" Nasi tukashangilia. Niamini msomaji, tulishangilia. Hatukuwa na akili ya kuogopa, tulifurahi kwa sababu tulikuwa tumeuliza jambo na jambo limetujibu. Fundi peke yake ndiye hakushangilia. Aliichukua ile sahani kwa mikono miwili, akaenda nayo ofisini kwa mwalimu mkuu.

Lakini adhuhuri ikaingia, na wanaume wa msikitini wakakuta birika la kutawadhia lina maji mekundu. Mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuja shuleni amebeba ndoo, kanzu yake ameikunja mpaka magotini, na nyuma yake waumini wanaokaribia ishirini. Sisi tulijazana madirishani.

"Nani ametia damu kisimani?"

"Si damu, mzee wangu," akasema Fundi. "Ni rangi ya ukindu. Wala sikuitia kisimani. Nimeitia chooni."

"Chooni?"

"Chooni. Huku imekuja yenyewe."

Ningekuwa mimi ndiye mwenyekiti, nadhani ningekaa chini. Yeye alifikiri kidogo, akasema, "Kwa hiyo wewe ndiye uliyetuharibia kisima." Na watu wakaitikia, naam, ndiye. Ilikuwaje watu wazima, wenye akili zao, wakaona hivyo? Nitawaambia, maana nimelitafuta jibu hili maisha yangu yote. Tumefundishwa sote, tangu wadogo, kwamba maji ni twahara mpaka yageuke rangi, au ladha, au harufu. Mpaka jana maji hayakuwa na rangi, basi mpaka jana yalikuwa safi. Leo yana rangi, na rangi ameileta Fundi. Basi mkosa ni Fundi. Waliteka maji siku mbili, kwa zamu, wazee kwa vijana, wakayamwaga barabarani. Siku ya pili jioni maji yalitoka meupe. Mwenyekiti aliyatazama, akayanusa, akayaonja, akasema kisima kimetakasika. Walichokitoa ni rangi. Choo kilibaki pale pale.

Hivi karibuni nimemuuliza shehe mmoja wa hapa mjini, mtu aliyesoma hasa, naye alitikisa kichwa kwa huzuni. Alisema ile ni hukumu ya maji ya kutawadhia, na haijamwambia mtu yeyote afumbe macho akae na choo ubavuni. Nami nilimwambia si wale wa msikitini peke yao. Kitabu chetu kile cha Ufaransa nacho kilisema vilevile, ukurasa mzima umeandikwa kwa herufi kubwa: maji safi hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Mkaguzi alikuwa akituuliza hilo kila akija, na sisi tukijibu kwa pamoja anafurahi. Wazee wa kamati na vitabu vya shule walikubaliana mara hiyo moja tu, na walikubaliana kwa kutosoma mpaka mwisho.

Mkaguzi alikuwa Mzungu aliyebaki baada ya uhuru, na wiki ile ndiyo aliyokuwa aje kukitazama choo. Akikipenda, kingeigwa katika shule nyingine za mkoa, na mwalimu mkuu, kila mtu alijua, angepanda cheo. Habari ya maji mekundu ilikwisha kuvuka mtaa na kufika masikioni mwake. Ndipo ikapangwa ile asubuhi niliyoanza nayo, kikombe cha bati na mistari.

Ugonjwa ulikuwa homa ya matumbo. Muuguzi ndiye aliyesema. Tuliugua watoto wengi, na mimi nilipona nikiwa sina nywele, mifupa mitupu, najifunza kutembea upya kwa kushika ukuta. Mdogo wangu hakupona. Siku zake za mwisho alikuwa akiweweseka habari za sahani. Mama alimwosha kwa mikono yake, na hakuwahi kumlaumu mwalimu mkuu, wala mwenyekiti, wala mkaguzi. Alimlaumu Fundi. "Wale wengine walisema tu," alikuwa akisema. "Yule alimnywesha." Fundi alikuja mlangoni kwetu siku ya tatu ya matanga. Mama alimtazama, akageuza mkeka wake, akampa mgongo. Baada ya hapo tukasikia amehamishiwa Nosy Be. Mimi nikatolewa shule, nikakalishwa kwenye ukili wa mikeka, na mama amekufa akiamini kwamba shule ndiyo iliyomuulia mwanawe. Nani angembishia?

Nilikwenda Nosy Be miaka kadhaa baadaye, mwanamke mzima, na nitasema kweli, nilikwenda kumtukana. Nilikuwa na mikeka ya kuuza, hicho kilikuwa kisingizio. Nilipanda mashua ya injini pale Ankify, njia nzima nayapanga matusi yangu kama mtu anayepanga sahani kabatini. Shule yake ilikuwa pembeni mwa mashamba ya milangilangi, na nilimkuta nje na watoto. Walikuwa wameshika kamba ndefu, wanapima kutoka choo mpaka kisima. Choo kilikuwa mbali mno, kule mwisho kabisa, chini ya mteremko.

"Mbali hivi, Fundi?" nikasema. Hakunitambua mara moja. Alipotambua, kamba ilimtoka mkononi.

"Watoto wananilaani kimoyomoyo," akasema. "Hasa wenye haraka." Halafu akawaruhusu waende, akaniketisha, akasema, "Sema ulichokujia. Nimekingoja miaka yote hii."

Nikamwambia. Sikubakisha. Nikamwambia alimuua mdogo wangu kwa mkono wake, na kwamba angekuwa na haya angekufa yeye. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akanieleza yaliyopita ofisini jioni ile kabla ya mkaguzi kuja. Mwalimu mkuu alimwambia achague. Anywe mbele ya watoto na aseme maji ni safi, au atapelekwa polisi kwa kosa la kutia sumu katika kisima cha watu, na kamati yote itatoa ushahidi. Hati yake ya ualimu itachukuliwa, na hatasomesha tena mahali popote nchini. "Nilijiambia kikombe kimoja hakitadhuru," akasema. "Maji yametekwa siku mbili. Nilijiambia nikibaki kazini nitaandika kwa bwana afya wa mji, naye atakihamisha choo. Nikaandika barua tatu. Hakujibu hata moja." Akatazama mikono yake. "Nilinunua kazi yangu ili nisomeshe wengine. Nikalipa mtoto asiyekuwa wangu."

"Na mwalimu mkuu alikuwa hajui?" nikamuuliza. "Labda aliamini kweli kwamba kisima kimetakasika."

Fundi alicheka kicheko kibaya. "Siku nilipompelekea ile sahani, aliitazama, akaisukuma mbali na karatasi zake. Kuanzia kesho yake akawa anakuja na chupa ya maji kutoka kwake. Yeye na wanawe wawili waliokuwa darasa la tano. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaona kwa dirishani wanakunywa, ofisini, mlango umefungwa."

Sikumsamehe siku ile, na nilimwambia hivyo. Lakini nilikunywa chai yake, iliyochemshwa mpaka ikawa chungu, na kabla ya kuondoka nilisimama nyuma ya darasa lake mchana mzima. Watoto wale, ambao wazazi wao walikuwa wachuma langilangi, walikuwa wanachemsha maua katika birika kuukuu lenye mrija, wanatafuta kwa nini maji yanatoka na harufu ilhali rangi ya ua inabaki ndani. Mmoja alitoa jibu kwa kujiamini sana. Benchi zima likamgeukia: umejuaje? Nilitoka nje nikalia, na sikujua ninamlilia nani hasa. Kuanzia hapo tuliandikiana, kwa mwandiko wangu mbovu wa darasa la nne, na hakuwahi kunisahihisha. Aliendelea kusomesha watoto wadogo mpaka macho yalipomkataa. Wangapi wako hai leo kwa sababu ya ile kamba yake, hakuna anayewajua, hata wao wenyewe hawajijui.

Kijana wangu anasoma hapa Unguja, shule yenye vioo madirishani na kabati la chupa za maabara ambalo halijafunguliwa tangu lifungwe. Juzi nimemsikia akikariri: maji hayana rangi, hayana ladha, hayana harufu. Nikamuuliza amejuaje. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mama asiyesoma. "Mwalimu kasema," akajibu. Simlaumu, wala simlaumu mwalimu wake, mwenye watoto sabini na chaki ya kukopa darasa la jirani. Lakini nawaambia wazazi wenzangu, mtoto anayejifunza sayansi kwa kuitikia ataitikia kila kitu. Atapangwa mstari, ataambiwa anywe, naye atakunywa. Na mwalimu anayewafundisha watoto kuuliza ajue pia kwamba iko siku wataliuliza swali mbele ya wakubwa, na siku hiyo watamtazama yeye. Fundi alitufundisha kila kitu isipokuwa mwalimu afanye nini siku hiyo, kwa sababu hata yeye alikuwa hajui. Nampenda. Sijamsamehe. Yote mawili ni kweli, na leo nimechoka kuchagua.

Sasa nina neno na mtu mmoja. Mwenyekiti wa kamati amekufa zamani. Mkaguzi alirudi kwao. Bwana afya alikufa na barua tatu za Fundi bila kujibu hata moja. Shule yenyewe imevunjwa, kisima kimefukiwa, pamejengwa maduka. Fundi sasa yuko mbele ya Mwenye kuhukumu kuliko mimi. Umebaki wewe, mwalimu mkuu, na u mzima wa afya, una nyumba yako ya ghorofa huko Mangarivotra na wajukuu wanakuamkia. Binti wa marehemu amenipigia tena, akaniambia kwamba kwenye hitima ilisomwa barua yako ya rambirambi. Umeandika kwamba wewe na Fundi mlisimama pamoja kuileta sayansi katika shule za Mahajanga, na kwamba yaliyotokea kisimani yalikuwa bahati mbaya ambayo elimu ya wakati ule isingeweza kuijua. Watu waliisikiliza wakaitikia amin.

Isingeweza kuijua? Mtoto wa miaka minane aliijua, akiwa na sahani na nusu mkebe wa rangi. Nawe uliijua siku ileile. Sikudai pesa, wala sikudai uingie jela kwa umri wako. Nataka uje Mahabibo, Ijumaa, watu wakiwa wamejaa, waliobaki wa darasa lile na wana wao, uwaambie ni nani aliyemlazimisha Fundi kunywa, ili jina lake lisibebe peke yake mzigo ambao mama yangu alimtwisha mpaka kaburini. Ukishasema hilo, ujibu na hili moja, kwa sauti wanayoisikia hata wa nyuma: kama maji yalikuwa safi, kwa nini wanao waliletewa chupa kutoka nyumbani, na wetu ukawapanga mistari?